Mwacheni Mtoto Alingoje Embe

Maneno niliyowaambia wazazi wa chekechea moja huku Kisauni, Mombasa, mwishoni mwa Novemba. Niliyasema bila karatasi na nikayaandika baadaye nyumbani, chai ikiwa mkononi, kwa hivyo pengine nimejipendelea hapa na pale.

Asalamu aleikum. Na wasioitikia hiyo, hamjambo wanangu.

Mwalimu amenipa nusu saa nizungumze juu ya lishe bora, na amenipa chati ya kutundika, ile yenye picha ya sahani iliyogawanywa mafungu. Nimeikunja, imo mkobani. Sio kwamba ni mbaya. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto kwa miaka 28, na chati hiyo nimeibandika ukutani kwa mikono yangu mara nisizozikumbuka. Sijamwona mtoto aliyeitazama akashikwa na njaa.

Basi leo nataka tuzungumze habari ya hamu. Mtoto akiwa na hamu ya papai, hizo vitamini zitamfuata zenyewe bila kuitwa.

Nianze na kosa langu, ili msidhani nimekuja kuwakalia juu. Kifungua mimba wangu alizaliwa mwaka ule niliomaliza chuo. Kichwa kilikuwa kimejaa madini ya chuma na vitamini A. Mchicha ulipikwa kwangu karibu kila siku, tena wa kuchemshwa kwa maji matupu, maana nilijiona mtaalamu na nazi nikaiona mafuta ya bure. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akichungulia sufuria na kusikitika: "Mwanangu, hata mbuzi hapewi majani namna hii." Sikumsikiliza. Mtoto akikataa namwambia huinuki hapo mpaka sahani iwe nyeupe, na kandambili ipo juu ya meza, kando ya sahani, ili tuelewane. Siku moja aliketi tangu adhuhuri mpaka muadhini wa alasiri akaadhini. Mchicha umepoa, mdomo umefumbwa kama chaza. Leo ana miaka 38, ni dereva wa lori, Malaba na Kampala amefika mara zisizohesabika, haogopi kitu. Lakini mwandalie mchicha uone. Anausogeza ukingoni mwa sahani kwa ncha ya kidole, taratibu, bila kusema neno.

(Hapo walicheka. Siku hizi nami nacheka.)

Miaka mingi baadaye ndipo nikasikia habari za Leann Birch, mtafiti wa Marekani aliyetumia karibu umri wake wote kuchunguza jinsi watoto wanavyokula. Yeye na wenzake waliwapa watoto wa chekechea supu za aina mbili. Moja wakawa wanawahimiza: malizeni supu, malizeni supu. Nyingine wakawaacha na raha zao. Utafiti ulichapishwa mwaka 2006, na matokeo yake ni kwamba ile ya kuhimizwa waliila kidogo, tena wakaisema vibaya. Kandambili haikuwepo pale. Ni maneno tu, tena ya upole. Na hongo nayo haisaidii. Ukimwambia mtoto akimaliza mboga utampa peremende, ameshajua wewe mwenyewe unaionaje hiyo mboga.

Mama mkwe alinishinda hata kwa sayansi. Ile rangi ya njano iliyomo kwenye embe na boga, na iliyojificha chini ya ukijani wa mchicha, ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na tumbo haliifyonzi vizuri pasipo mafuta kidogo. Tui la nazi lilikuwa linafanya kazi ambayo mimi niliyesoma sikuijua. Na hata lisingefanya kazi yoyote, mchicha wa nazi ni mtamu na mchicha wa maji ni adhabu. Mtoto alikuwa na haki yake.

Kuna jaribio jingine, la zamani zaidi. Mwaka 1928 daktari mmoja wa Marekani, Clara Davis, alitangaza jambo ambalo leo asingeruhusiwa kulifanya. Aliwachukua watoto wachanga waliokuwa ndio kwanza wanaachishwa ziwa, kila mlo akawawekea vyakula vya aina kadhaa mbele yao, na muuguzi akae na kijiko, kimya. Hapendekezi, hakunji uso. Mtoto akinyoosha mkono kwenye kitu ndipo alishwe hicho. Wapo waliokula kitu kimoja tu kwa wingi siku kadhaa, kisha wakakiacha wakahamia kingine. Lakini ukihesabu miezi badala ya siku, walikula vizuri na wakakua na afya. Watu hupenda kuisimulia hadithi hii ili waseme mtoto aachwe achague. Wanasahau nusu yake ya pili, ambayo Davis mwenyewe aliisema waziwazi. Vyakula vyote 34 alivyowawekea vilinunuliwa sokoni vikiwa vibichi, bila cha kopo na bila sukari ya kuongezwa. Ujanja wote ulikuwa kwenye kapu.

Mimi mjukuu wangu nikimwekea chipsi, soda na mchicha nikamwambia chagua, sihitaji utafiti.

Kwa hivyo mamlaka ya mzazi yako sokoni. Ukishachagua kapu zuri, kijiko mwachie mwenyewe, ale kiasi anachotaka, na akishiba ameshiba. Hili ni gumu kwetu, najua. Sisi ni watu wa "ongeza kidogo, hujala kitu."

Na hamu huanza kabla ya meno. Julie Mennella na wenzake, kule Philadelphia, waliwapa akina mama juisi ya karoti wanywe, wengine wakiwa na mimba kubwa, wengine wakinyonyesha, na wengine wakapewa maji tu. Watoto walipoanza kula uji, wale ambao ladha ya karoti ilikuwa imeshawafikia tumboni au kwenye maziwa hawakukunja nyuso kama wenzao walipopewa uji wenye karoti. Hilo lilitangazwa mwaka 2001. Nyinyi mlio na mimba hapa, nawaona wawili, mchuzi wa ukwaju mtakaokula leo usiku kuna mwenzenu anauonja. Waswahili walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Kumbe kabla hajakitazama kisogo ameshaonja chungu chake.

Sasa nije kwenye misimu, ndiko nilikokuwa nikielekea.

Juzi nilimuuliza huyo mjukuu, mtoto wa binti yangu, ana miaka sita: maembe huja lini? Akanijibu bila kufikiri: "Jumamosi." Nikacheka peke yangu, halafu nikaona mtoto amesema kweli. Jumamosi ndiyo siku baba yake hupita Kongowea. Kwake embe ni kitu cha mfuko wa baba. Embe, tofaa la kutoka ng'ambo, biskuti, sabuni, vyote huja Jumamosi.

Sisi tulijua kwa upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba mpaka Machi, jua linachoma, bahari ni tulivu, vyombo vinatoka nje ya mwamba, na pale soko la samaki la Mji wa Kale unamkuta nguru, jodari, kolekole. Ni wakati huohuo wa maembe. Ngowe, boribo, dodo, na yale ya nyuzi ambayo watu wazima huyadharau na watoto huyapenda kwa sababu yananyonywa. Kisha mvua za mwaka, Aprili na Mei. Kusi inaingia, bahari inachafuka, wavuvi wa ngalawa wanabaki ndani ya mwamba, samaki ni haba na bei inapanda. Lakini nchi kavu yote imegeuka kijani. Mchicha, mnavu, mchunga, majani ya kunde, matembele. Mama wa Kigiriama anakaa chini na mafungu yake kwenye gunia, na mtoto wa mjini anapita hajui hata moja jina lake. Baridi ya kipupwe ikija, mahindi mabichi yanachomwa kila pembe kwa ndimu na pilipili. Machungwa yanaingia ya Kwale, na ya Muheza yanavuka mpaka pale Lunga Lunga. Mbaazi mbichi zinakuja, na hapo ukila mbaazi za nazi na mahamri asubuhi unajua ni chakula kingine kabisa na zile kavu za mwaka mzima. Halafu demani, halafu vuli, na hapo ndipo tulipo leo. Maembe ya kwanza yameanza kushuka kwenye malori. Bado ghali. Ngojeni.

Papai, ndizi, muhogo na nazi hawana msimu mkali, hao ni wenyeji wa nyumba. Hata hivyo nazi peke yake inatosha kumfundisha mtoto kwamba chakula kina umri. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Majina matano ya kitu kimoja, na ukiichelewesha mpaka ichipue, ndani unakuta joya, lile tonge tamu jeupe lenye sifongo ambalo tuligombaniana tukiwa wadogo. Lugha iliyotoa majina yote hayo ilikuwa ya watu waliokuwa wakitazama. Waulizeni watoto wenu usiku huu, dafu na koroma zina tofauti gani. Na nyinyi mjiulize kwanza kabla ya kuwauliza.

Mtaniambia: bibi, msimu una faida gani kwa mtoto anayekataa mboga? Nitajibu mambo mawili, na la pili ndilo kubwa.

La kwanza ni ladha. Hindi bichi likishavunjwa, sukari yake inaanza kugeuka wanga palepale. Lililovunjwa jana si lile la leo, na mtoto anayesema "hili si tamu" hadeki, ana ulimi. Mara nyingi mtoto anayekataa chakula anakataa chakula kibaya. Tazama embe la kabaidi, ile kemikali ya kuivishia. Mchuuzi ana haraka, embe limechumwa changa, linatiwa kabaidi ili ligeuke rangi kwa siku moja mbili. Nje njano tupu, ndani gumu, halina harufu, mdomoni kama kutafuna karatasi. Na kabaidi ya viwandani huwa na chembechembe za aseniki, ambayo ni sumu. Mtoto akilitema embe hilo, tafadhali usiende ukasema mtoto wangu hapendi maembe. Hajapewa embe. Ukiwa sokoni linuse pale penye kikonyo. Kama halinukii, liwe limegeuka njano kiasi gani, liache.

La pili ni hesabu. Kati ya miaka 2 na 6, watoto wengi huogopa chakula wasichokizoea. Ni maumbile, hawana ila. Mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni ana haja ya kuogopa kidogo. Dawa yake ni kumwonyesha chakula kilekile tena na tena, kipande cha ukubwa wa ukucha, bila hotuba. Watafiti wanasema inaweza kuchukua mara 8, mara 10, hata 15 ndipo akubali. Sisi huwa tunakata tamaa mara ya tatu. Sasa fikiri, nani mwenye uwezo wa kununua kitu ghali mara 15 ili kitupwe mara 14? Lakini msimu ukipamba, shelisheli linapatikana kila mahali, jirani anakuletea la mti wake, wiki hii umelipika kwa nazi, kesho umelikaanga vipande na chumvi, kesho kutwa limo ndani ya mchuzi. Hizo mara 15 zimepita na hukuzihesabu. Msimu unakupa kurudia kwa bei nafuu. Wale wazee wetu hawakujua habari ya utafiti, walichoshwa tu na maembe mpaka wakayatia kwenye kila kitu, yakawa achari, yakawa mchuzi, yakawa ya chumvi na pilipili, na katikati ya kuchoshwa huko watoto wakazoea.

Kisha msimu unakwisha. Hapo ndipo kuna siri ambayo duka la jumla haliwezi kukuuzia. Kitu kikiondoka, mtoto anakikumbuka.

Mwaka jana nilipewa maembe saba ya ngowe, magumu kama mawe, kutoka Kilifi. Nikayavundika. Vijana wengine hapa hawalijui neno hili, naona mnatazamana. Kuvundika ni kulifunika tunda mahali penye joto mpaka liive. Nyanya zetu walitumia majani makavu, gunia, pipa la mchele. Embe hutoa hewa fulani yenyewe inayoliivisha. Ukilifunika hewa hiyo haitoki, na lililotangulia linamwivisha mwenzake. Nikayafukia kwenye pipa langu la mchele mbele ya mjukuu, nikamwambia, hayo ni yako, lakini sijui yataiva lini. Wewe ndiwe mlinzi.

Kila jioni akitoka madrasa anakwenda kwenye pipa. Anatia mkono, anatafuta, anabonyeza, ananusa, anafukia. Siku ya kwanza: "Bado." Siku ya pili: "Bado, bibi." Siku ya tatu alikasirika, akaniambia pipa limeharibika. Siku ya nne nikasikia mbio za miguu kutoka stoo: "Linanukia! Bibi, moja linanukia!" Alilila pale pale mlangoni, akamaliza nyama, akanyonya kokwa mpaka likawa jeupe lina ndevu, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Wala hakuniuliza lina vitamini gani. Mjomba wake, yule dereva, alikuwa amekuja kunisalimu siku hiyo. Akatazama muda mrefu, kisha akaniambia, "Mama, mbona mimi hukunivundikia?"

Nikamwambia nilikuwa na kazi nyingi. Si uongo. Lakini si jibu.

Mvumilivu hula mbivu. Methali hii imo kwenye kila kitabu cha darasani, watoto wanaikariri, inaulizwa kwenye mtihani, na wengi hawajawahi kulingojea tunda lolote maishani mwao.

Sasa kuna mama pale nyuma, ananitazama kwa jicho ninalolijua. Anasema moyoni: mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, navuka daraja la Nyali kwa matatu, kiwandani nasimama mchana kutwa, narudi watoto wamelala, na huyu bibi ananiambia nivundike. Mwanangu, kuvundika hakutaki mtu. Embe linaiva ukiwa kazini. Sikuambii upike makubwa. Papai linakatwa kwa dakika moja na ndimu juu yake. Muhogo unachemka peke yake. Na usinunue kila kitu. Nunua kile kilichojaa sokoni siku hiyo, kwa sababu kilichojaa ndicho kilichoiva na ndicho rahisi. Ukifika Kongowea ukaona mikokoteni kumi ya kitu kimoja, hicho ndicho chakula chako cha wiki. Huhitaji kalenda.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 2 mpaka 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku. Ukiipeleka jikoni hesabu hiyo ni nusu embe la wastani, kipande cha papai na vijiko viwili vitatu vya mchicha. Si mzigo. Ila liwe tunda la kutafuna. Juisi, hata ya nyumbani, inanywewa upesi na haimshibishi mtu. Na linaloliwa na ganda lake lioshwe kwa maji safi ya kunywa. Mji huu unakijua kipindupindu, sina haja ya kueleza.

Chipsi sina vita nazo. Mtakaonikuta Ijumaa jioni pale Mama Ngina na muhogo wa kukaanga, ndimu na pilipili, bahari mbele yangu, msinipige picha.

Mpelekeni mtoto sokoni. Hata mara moja kwa mwezi. Mpe shilingi 50, mwambie achague kitu kimoja ambacho hajawahi kukila, na usimwelekeze. Wangu alichagua birimbi. Nilijua litakavyokuwa lakini niliahidi kunyamaza, nikanyamaza. Alilitafuna pale pale mbele ya mwenye duka, uso ukajikunja wote, macho yakapotea, machozi yakamtoka. Soko zima lilicheka. Wiki ya pili akanivuta kanga: "Bibi, lile baya lipo?" Akalitaka tena. Tukaenda nyumbani tukalitia kwenye kachumbari ya tungule na vitunguu, na sasa ni lake, analisimamia kama mwanawe.

Na mpeni kazi. Mtoto anaweza kukaa kwenye mbuzi akakuna nusu ya nazi, polepole, mkisimamia vidole. Anaweza kukamua tui kwa kifumbu. Anaweza kuchambua mchicha, kutenga jani na mti, na akishachambua mwenyewe ataonja walau kuona kazi yake imekuwaje. Jikoni patachafuka. Patasafishwa.

Kabla hatujaanza mzee mmoja aliniuliza kama nitawahimiza mrudi kwenye vyakula vya asili. Mzee wangu, nakubali, lakini kwa tahadhari. Muhogo, mahindi, papai, nanasi, pera, korosho, pilipili: vyote hivyo asili yake ni Amerika, na vingi vilishushwa pwani hii na Wareno, hao hao walioanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593. Pera ni neno lao. Shelisheli jina lake lenyewe linakuambia lilikotoka. Nyanya zetu hawakuvidai vyeti vya kuzaliwa. Walionja, wakaona tamu, wakapanda. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhuisha vyakula vya jadi kwenye orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi, na nilifurahi sana. Lakini mtoto hali orodha. Anakula kilichopo sahanini, na anakipenda kama wewe unavyokipenda mbele yake. Ukila mnavu huku unajisifu kwamba unakula dawa, atautazama kama dawa.

Jambo la mwisho, kwa sisi tunaofunga. Mwezi wetu haufuati jua, kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hivyo Ramadhani inazunguka misimu yote. Kuna Ramadhani za machungwa na Ramadhani za mahindi mabichi. Mwaka 1998 iliingia Disemba, na wenye umri wangu wanaikumbuka ile futari, maembe yamejaa sinia mpaka tende zikasahauliwa. Inarudi. Mwaka 2030 kwa hesabu itaingia mara mbili, mwanzo wa Januari na tena mwisho wa Disemba, kaskazi inavuma, maembe tele. Watoto hawa wa chekechea watakuwa na miaka tisa, kumi, ndio umri wa kuanza kufunga siku nzima na kuona fahari. Nimeshaanza kumhadithia wangu. Anahesabu vidole, anauliza bado miaka mingapi.

Nimemaliza, na naona mwalimu anatazama saa. Pale mlangoni kuna karai mbili. Moja ina maembe yaliyoiva, nimeyakata kabla hamjafika, watoto wanawe mikono kwanza, na wenye sare nyeupe wazivue kama mnaweza. Karai ya pili ni ya mabichi. Kila mtoto anapewa moja aende nalo nyumbani, pamoja na kipande cha gazeti. Litieni kwenye mchele, au kwenye unga, au kabatini chini ya nguo, popote penye giza na joto. Msimfungulie, msimwambie limeiva. Mwenye mapacha asogee mbele, nimehesabu vibaya, huenda nikapungukiwa na mawili.